Mahali Palipookotwa

Fomu ya maabara ina mistari tisa.
Minane niliijaza kabla chai haijapoa:
jina, uzito mkavu, tarehe,
mkono uliokausha (wa mama),
namna ya kukausha (juu ya jiko la vigae, usiku kucha,
paka amelala chini yake).
Mstari wa tisa unauliza: mahali palipookotwa.

Mama hasemi.

Domicelė binti Ignas, miaka sabini na minne,
kila Septemba huamka kabla ya jogoo wa jirani,
huvaa koti la marehemu baba,
huvuka daraja la mto Merkys na kikapu kilichofunikwa kitambaa
ili asijulikane kama anakwenda au anarudi.
Shangazi Petronė alimwambia: ng'ambo ya reli.
Padri alimwambia: kando ya kinamasi,
kisha akaenda kuungama uongo huo
kwa padri yuleyule.
Mimi, mwanawe wa pekee, aliniambia:
"Nyuma ya misonobari mitatu."
Msitu wetu una misonobari milioni tatu.

Nilirudi Kaunas na shada moja tu,
vipande vya uyoga vilivyotungwa kwenye uzi wa kitani
kama shanga za bibi harusi fukara.
Nikavisaga, nikavilowesha kwenye ethanoli,
nikachuja hadi yakabaki maji ya rangi ya chai iliyotiwa majani kwa uchoyo.
Kisha nikatoa ile chupa ya zambarau,
zambarau ya mavazi ya Kwaresima.
Humo zinazurura chembe huru,
kila moja imepungukiwa na elektroni moja
kama mtu aliyeibiwa kiatu cha mguu mmoja
naye sasa anamvua kila apitaye.

Ndivyo msumari unavyoota kutu.
Ndivyo siagi inavyochacha,
na tofaa lililoumwa likasahauliwa mezani linavyogeuka kahawia.
Ndivyo na sisi, polepole,
kwa pumzi hiihii inayotuweka hai.

Tone la kwanza.
La pili.
Zambarau ikasita,
ikapauka,
ikawa manjano kama nta ya nyuki.
Uyoga ulikuwa umevua kiatu chake, ukakitoa,
ukabaki umesimama mguu peku
bila kumdai mtu.

Daktari Gintautas alikuja, akavaa miwani, akaivua.
"Mara mbili ya ule wa dukani. Umetoka wapi?"
Nikamjibu: nyuma ya misonobari mitatu.
Hakucheka.

Jioni nikampigia mama simu.
Nikamweleza glutathioni, nikamweleza ergothionini,
kwamba hii ya pili mwili wa mtu haujui kuipika,
lazima iletwe kutoka nje,
na bado seli zetu zina mlango wake,
kitasa kilichochongwa kwa kipimo chake.
"Mlango hauchongwi kwa mgeni asiyetarajiwa," nikasema,
nikijisikia msomi.
Kimya. Mwiko uligonga ukingo wa sufuria.
"Kumbe. Na mwaka mzima ulikuwa unaniachia supu kwenye bakuli."

Nikamwonya pia, maana nalipwa kusema kweli:
chupa si mwili, mama.
Rangi kufifia ndani ya kioo
haijamponya mtu yeyote.
Baba aliula uyoga huu miaka arobaini
na moyo ukamwangusha akichanja kuni.

"Najua," akasema. "Nilikuwepo."

Nikasikia kitunguu kikikatwa, taratibu,
kisu kikitua na kutua kwenye ubao.
Nikadhani amesahau kuwa niko kwenye simu.

"Jumamosi njoo na buti," akasema.
"Za kwako, si za kuazima, kuna maji.
Na hiyo fomu yako
iache hukohuko."